Michungwa Saba Chini ya Minazi ya Latifu

Ukitaka kumuudhi Mwanamvua binti Kibwana, mwambie kwamba mihogo inanyonya minazi. Huna haja ya kumtukana wala kumpita kwenye foleni ya maji. Sema hilo moja tu, kisha jiandae, maana huondoki mpaka umezungushwa shamba zima, umeoneshwa shina moja baada ya jingine, na kuulizwa maswali ambayo atayajibu yeye mwenyewe.

"Na magugu je?" atakuuliza. "Yale yaliyokuwa yakinifika kiunoni, yalikuwa yanakula upepo?"

Ana miaka hamsini na sita, ni mfupi, na hutembea kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Anaishi upande wa Masaki, wilayani Kisarawe, ukingoni mwa shamba la minazi mia moja na ishirini. Minazi yenyewe ni ya zamani, mirefu, imepandwa kwa nafasi, na jua linapenya hadi chini bila kuomba ruhusa. Mtu mwingine ataona nafasi ile akasema ni mahali pa kupita. Mwanamvua huona shamba la pili ndani ya shamba la kwanza.

Utaratibu wake haubadiliki. Hatua mbili kutoka kwenye shina la mnazi hapandi kitu. Hapo huzika makumbi ya nazi yaoze taratibu na kushika maji ya mvua. Zikiisha hatua mbili, kunde. Nyuma ya kunde, mihogo. Pembeni, kwenye mchanga mwekundu, mananasi. Samadi huagiza kwa wafugaji wa Magindu, yeye na jirani yake wakichangia lori moja kwa mwaka, na mnazi unakula samadi hiyohiyo inayoliwa na muhogo.

"Nazi tunaangua kila miezi mitatu," husema, "na tumbo halijui kungoja miezi mitatu."

Ndiyo maana kila Alhamisi magunia yake ya mihogo na mafungu ya kisamvu hupanda gari kwenda Maili Moja, kwa Efrazia, mama wa Kipare anayekaanga mihogo karibu na stendi. Efrazia huapa kwamba mihogo ya chini ya minazi inaiva haraka kuliko mingine. Mwanamvua hajui kama ni kweli, ila hajawahi kumkatalia.

Sasa, shamba lenyewe si lake, na hapo ndipo penye kisa.

Minazi ile aliipanda baba mkwe wake. Vijana wa mzee walikuwa wawili. Mkubwa, Latifu, alipelekwa shule ya bweni. Mdogo, Salehe, akabaki nyumbani akichota maji ya kumwagilia miche, ndoo kichwani, masika yakikawia. Latifu akawa karani serikalini. Salehe akawa mkulima, akamwoa Mwanamvua, wakapata binti mmoja, Shamsia, ambaye sasa ameolewa Chalinze. Kisha Salehe akafariki miezi minne tu kabla ya baba yake, na kwa sheria ya mirathi, aliyetangulia kufa harithi. Mzee alipozikwa, minazi yote na ardhi yake ikaangukia kwa Latifu. Mwanamvua akabaki na kijumba chake na pole za majirani.

Latifu ni mtu wa haki, isipokuwa haki yake huipima kwa rula. Amestaafu, anaishi Sofu, kule Kibaha mjini, na shambani huja siku za kuangua tu. Baada ya arobaini alimwita shemeji yake, akamwambia mbele ya watu: "Chini lima, Mama Shamsia. Juu ni kwangu. Ila mti usipande."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwao muhogo ni mgeni, unakuja na kuondoka. Mti ukishakaa miaka mitano, aliyeupanda ana neno juu ya ardhi iliyoushika, na kwa neno hilo ndugu wa tumbo moja wamewahi kufikishana barazani. Mwanamvua alilishika sharti lile kwa miaka tisa. Hata mpapai ulioota wenyewe kwenye jaa aliung'oa, akautupa ng'ambo ya mpaka, ingawa roho ilimuuma.

Alilikuta shamba ni pori, kila mnazi ukitoa nazi saba au nane kwa kila mwanguo. Akafyeka, akazika makumbi, akamwaga samadi, akawachokoa kwa waya mende wenye pembe kama kifaru wanaotoboa vichwa vya minazi. Mwaka wa tano nazi zikafika kumi na tano. Latifu alihesabu, akahesabu tena, akasema, "Mvua zimekuwa nzuri." Mla kunde husahau, lakini Mwanamvua, mtupa maganda, hakusahau.

Halafu akafanya kosa, na kosa lenyewe lilitokana na usafi.

Kwenye minazi ile walikuwako sisimizi wekundu, wale wanaoshona majani yakawa viota, watu wa huko huwaita maji moto. Waking'ata utaelewa. Hashiru, mkwezi wa shamba, siku moja ya Januari alikwea kuangua madafu, akashuka akijipiga makofi mwili mzima.

"Mama, mimi basi," alisema. "Nikishuka kwako nawashwa kama nimelalia upupu. Ama uwatoe hawa, ama utafute mkwezi mwingine."

Mkwezi mwingine angetoka wapi? Vijana siku hizi wanataka bodaboda, na nazi haishuki kwa bodaboda. Basi Mwanamvua akafunga mienge ya makuti, akaitia kwenye ncha za fito ndefu, akachoma kiota kimoja baada ya kingine kwa siku tatu. Akafyeka na mipera pori iliyojiotea katikati ya shamba, maana huko ndiko sisimizi walikokuwa na makao makuu. Aliacha mstari mmoja tu, ule wa mpakani, kwa kuwa matawi ya mchungwa wa jirani yake mzee Bilali yameinamia pale, na Bilali ana banda la makuti ambalo cheche moja ingetosha. Alipomaliza alisimama akaliangalia shamba lake safi, akajiona hodari kuliko mabwana shamba wote wa mkoa wa Pwani.

Masika yalipoisha, vidaka vikaanza kuanguka. Kidaka ni nazi ingali changa, haijazidi limau, na vichache kuanguka ni kawaida. Hivi havikuwa vichache. Vilijaa chini, vina mikwaruzo na utomvu uliogandia ubavuni. Kidaka kilichoanguka mwezi wa tano ni nazi isiyopatikana mwisho wa mwaka, na mwanguo wa Desemba ukatoa nazi sita kwa mnazi.

Siku hiyo Latifu alikuwepo. Alizunguka na fimbo yake, akatazama mihogo iliyonawiri, akatazama marundo ya nazi yaliyonywea, akaunganisha mambo mawili kama mtu aliyesubiri miaka kumi kuyaunganisha.

"Nilisema," alisema. "Mihogo imeinyonya minazi ya baba."

"Shemeji, mihogo ilikuwepo minazi ikitoa kumi na tano."

"Imenyonya polepole. Sasa imefika kwenye mfupa." Akagonga fimbo chini. "Hii iliyomo ardhini ikomae, uing'oe. Baada ya hapo usipande tena. Nataka minazi ipumzike."

Akapanda bodaboda akaenda zake. Mwanamvua alibaki amesimama kati ya mihogo na marundo ya nazi. Chini ya minazi ile ndiko kulikotoka sukari yake, bati la nyumba yake, na heshima ya kutomwomba mume wa Shamsia nauli. Minazi ikipumzika, yeye angekula nini? Aliogopa, na kuogopa kulimkasirisha.

"Mama, kumebaki mstari wa mpakani," Hashiru akamkumbusha. "Ila leo nimekuja na dawa." Alikuwa amejipaka majivu mikono na miguu, mweupe kama mzimu, maana marehemu babu yake alikuwa akifanya hivyo.

"Dawa hiyo ulikuwa nayo tangu lini?"

"Nilikuwa nimeisahau, mama."

Akapanda, akaangusha. Mikungu ikashuka imebeba. Mwanamvua alihesabu mnazi wa kwanza, kumi na sita. Wa pili, kumi na nane. Akachuchumaa. Katika mkungu mmoja sisimizi wekundu walikuwa wanamburuta mdudu mrefu wa kahawia, wa ukoo wa kunguni, na mdomo wa mdudu yule ulikuwa bado umechomekwa kwenye kidaka, utomvu ukitoka.

Akaketi chini palepale kwenye mchanga. Ilikuwa ni mihogo ileile, samadi ileile, mvua ileile. Mstari huu ulikuwa na askari wake, na mingine askari wake aliwachoma moto yeye, kwa mikono yake, akijisifu. Machozi yakamtoka kwa aibu. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, akayafuta kwa ncha ya kanga na kumwambia Hashiru aache kumkodolea macho.

Kesho yake asubuhi alikuwa Sofu. Alimkuta Latifu mbele ya nyumba yake akikata ua wa michongoma, kila tawi kwa kipimo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Shamsia. Kama umekuja kuiombea mihogo, umepoteza nauli."

"Nimekuja kukiri kosa."

Latifu akaacha mkasi. Hilo hakulitarajia. Mwanamvua akaeleza yote, mienge, mipera, sisimizi, mdudu, mstari wa mpakani, bila kujipunguzia hata chembe.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniharibia."

"Ni mimi. Mihogo haimo."

"Unakiri huku unaitetea mihogo?"

"Mihogo haina mdomo, shemeji. Na kosa moja haliachi mke."

"Wewe si mke wangu."

"Alhamdulillahi," akasema Mwanamvua, na kabla Latifu hajaamua kama amekasirika, akaendelea: "Nipe mistari miwili inayofuata ule wa mpakani. Mihogo ibaki palepale, nisiing'oe hata mche. Nitarudisha sisimizi. Njoo mwezi wa sita uhesabu mwenyewe. Ikiwa nimekosea, nitang'oa mihogo yote nikuletee hapa mlangoni."

Mtu anayependa hesabu ni vigumu kukataa hesabu. "Mistari miwili," akasema Latifu. "Na usinipandie mti."

Basi Mwanamvua akaanza kazi ambayo kijiji kizima kilikuja kuitazama. Alfajiri, sisimizi wakiwa wamezubaa kwa baridi, alikata viota kwenye mchungwa wa Bilali, akavitia kwenye kiroba, akavipandisha minazini kwa mkono wa Hashiru aliyepakwa majivu mpaka masikioni. Kutoka kwenye mchungwa akafunga kamba za makumbi hadi mnazi wa kwanza, kutoka wa kwanza hadi wa pili, sisimizi wapate daraja. Waling'ata. Aling'atwa shingoni, aling'atwa mahali ambapo hawezi kukuonesha, akawatukana kwa Kizaramo na kuwaomba radhi kwa Kiswahili.

"Miaka yangu sabini," alisema mzee Bilali, akitazama kutoka upande wake wa mpaka, "nimeona watu wakiniiba machungwa. Wa kuniomba sisimizi ni wewe wa kwanza."

"Machungwa yako machachu, babu. Ningeiba nini?"

Hashiru alikubali kupanda kwa majivu kwa sharti la kuongezewa dafu moja kila mnazi. Mwanamvua alikubali haraka mno hadi Hashiru akajuta kwamba hakutaja mawili.

Mwezi wa sita Latifu akaja. Mwanamvua hakuwa amefagia chini ya minazi kwa wiki mbili, makusudi, jambo lililomgharimu kuliko kung'atwa. Nazi zilizolindwa na sisimizi zilikuwa bado hazijakomaa, zilihitaji miezi mingine, lakini vidaka vilikuwa chini kwa yeyote mwenye macho. Latifu akapita kwenye mistari miwili, akiinama, fimbo ikifukua majani. Akapata vidaka kumi na kimoja. Akaenda kwenye mistari miwili inayofuata, minazi ya umri uleule, mihogo ya urefu uleule. Alihesabu hadi mia moja na arobaini, akaacha mnazi mmoja haujaguswa, kwa sababu kiuno kilimkataa.

Akatazama juu. Akatazama mihogo. Hakuomba radhi, makarani wa zamani hawakufundishwa hivyo. Alisema, "Sasa mistari iliyobaki?"

"Ndilo neno lililobaki, shemeji. Kamba haziwezi kufika shamba zima, na mnazi peke yake hauwaweki. Jani la mnazi ni gumu, wanalishona kwa shida na kiota hakidumu. Wanataka mti wa jani laini, katikati ya minazi. Mchungwa."

Uso wa Latifu ukafunga. "Ahaa," akasema taratibu. "Tumefika. Miaka yote hii ulikuwa unanivutia hapa."

Maneno yale yalimchoma Mwanamvua. Miaka tisa aling'oa hata mpapai uliojiotea, na bado alikuwa mtu wa kushukiwa. Angeweza kujibu kwa ukali, na ukali anao wa kutosha kugawa. Lakini alikuwa amelifikiria jambo hili tangu siku ile alipoketi mchangani, na jibu alikuwa nalo.

"Panda wewe," akasema.

"Nini?"

"Mti ni wa aliyeutia ardhini, au siyo? Basi nunua miche mwenyewe, kwa pesa yako, uje uitie shimoni kwa mkono wako. Mimi nitachimba mashimo na kumwagilia. Machungwa yako, miti yako, minazi yako. Mimi niachie sisimizi, na niachie chini nilime."

Latifu alitafuta mtego ndani ya maneno yale, akayageuza huku na huku, akaukosa. Akaondoka.

Vuli ilipotulia, mwezi wa kumi na moja, gari dogo likasimama njiani likiwa na miche saba ya michungwa, kwa kuanzia. Latifu alishuka amevaa mabuti mapya ya mvua yenye kibandiko cha dukani bado. Mzee Bilali aliitwa awe shahidi, na Hashiru alikuja bila kuitwa. Penye wengi hapaharibiki neno.

Mashimo yalikuwa tayari, yamewekwa samadi. Latifu alipiga goti kwenye shimo la kwanza, akaweka mche, akashindilia udongo kwa viganja, na Mwanamvua akamwaga maji. La pili. La tatu. Hakuna aliyemsaidia, na yeye hakutaka kusaidiwa. Kufika la sita alikuwa anahema, udongo umempanda hadi kwenye kofia, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alikuwa ameitilia minazi ya baba yake jasho.

Shimo la saba lilikuwa upande wa nyumba ya Mwanamvua. Latifu alisimama mbele yake, mche mkononi, mkono mwingine kiunoni. Akaitazama ndoo ya Mwanamvua.

"Salehe alikuwa akibeba ndoo kama hiyo," akasema. "Mimi nilikuwa narudi likizo naikuta miche imekua." Kisha akaunyoosha mche. "Huu weka wewe. Mgongo umenikatalia."

Bilali akaacha kutafuna tambuu yake. Hashiru akatazama chini. Kila mmoja pale alijua uzito wa alichosikia. Mwanamvua alitamani kuupokea. Akaificha mikono nyuma ya kanga.

"Shemeji, ni mgongo, au ni wewe?"

"Tofauti iko wapi?"

"Kama ni mgongo, Hashiru anao mzuri, ataupanda kwa niaba yako. Kama ni wewe, sema. Hawa wasikie. Sitaki kesho niambiwe niliiba mti siku uliyoumwa."

Latifu akamwangalia, na taratibu, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Ni mimi," akasema. "Mchungwa huu ni wako, Mama Shamsia, na ardhi iliyoushika ni yako, kutoka hapa mpaka mlangoni kwako. Mzee Bilali, umesikia?"

"Nimesikia."

"Hashiru?"

"Nimesikia, mzee."

Hapo ndipo Mwanamvua aliponyoosha mikono. Akapiga goti, akauweka mche shimoni, akairudishia mizizi udongo kidogo kidogo huku machozi yakidondoka bila yeye kujishughulisha kuyafuta. Akamwaga maji ya ndoo yote. Kisha akainuka, akapima hatua mbili kutoka kwenye shina, akatoa kunde kwenye pindo la kanga, akaanza kupanda.